Mikono ya Namuun, Kiangazi Kabla ya Bweni

Juni 9
Tumehama jana. Hema lilisimama kabla jua halijazama, jiko la bati katikati, mlango kusini, na mama mkwe ameshalalamika kwamba hapa pana mteremko, atabingirika usiku hadi mtoni. Namuun akamwambia, "Bibi, ukibingirika pitia kwa Mjomba Galsan umsalimie." Hema la Galsan liko kule chini, moshi wake tunauona. Majani yameota vizuri. Nina furaha, sijui nianzie wapi kuiandika.

Juni 10
Mvua. Tuguldur, mdogo wake Namuun, amejifunza kusimama kwa kushika mguu wa kitanda. Ameanguka, amecheka, amesimama tena.

Juni 14
Leo nimemkata Namuun kucha, kazi ambayo simwachii mtu. Kucha zake ni nyembamba, ngumu, zimejikunja kama maganda ya kokwa za msonobari. Vidole vinane, pingili za mwisho zimebaki za mtoto wa miaka minne, na yeye sasa ana sita. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimeanza kupinda kuelekea mwenzake, kama mtu anayetaka kunong'ona. Vidole gumba ni vizima vyote viwili. Siku ile alikuwa amekunja ngumi, na magumba yalikuwa ndani.

Siku ile ni ile ya dhoruba, miaka miwili iliyopita, kondoo walipokuwa wanazaa. Alimkuta mwanakondoo nyuma ya zizi, bado ana maji ya mama yake, akambeba. Glavu zikalowa, zikaganda. Hakumwachia mpaka alipofika mlangoni. Mwanakondoo alipona.

Tulidhani yameisha ngozi mpya ilipoota. Kumbe baridi ilifika ndani zaidi. Masika haya daktari wa mkoani alituonyesha eksirei, akasema kwenye kila mfupa wa mtoto kuna mahali pa kukulia, na mahali hapo pa vidole vyake paliungua. Mikono itakua, ncha hazitakua. Akasema zisipigwe na baridi, zipakwe mafuta, na viungo visikae bure. Mimi nalishika hilo la baridi kuliko yote.

Septemba mosi anaingia darasa la kwanza. Shule iko mjini, wilayani, na watoto wa wafugaji hulala bwenini. Nani atamfunga vifungo huko? Nani atamkanda mikono ikimuuma? Nimemwambia mume wangu Magnai nitahamia mjini na watoto wote wawili mpaka kiangazi kijacho. Akaenda kutazama farasi. Najua anachowaza. Yeye na mama yake mzee hawawezi kuvusha mifugo yote majira ya baridi. Itabidi wagawiwe ndugu, na mfugaji akishagawa mifugo anabaki mlinzi wa nyasi.

Juni 15
Upepo tu.

Juni 21
Kila asubuhi namketisha Namuun magotini namvisha joho. Vifungo vyetu ni mafundo ya kitambaa na vitanzi, shingoni, begani, kwapani, kiunoni. Namfunga polepole huku nikiimba ule wimbo wa kumbembeleza kondoo aliyemkataa mtoto wake. Kondoo akiusikia hutoa machozi, hugeuka, hunusa, hukubali. Namuun huuegemeza mgongo kifuani kwangu na kutulia kama aliyelala.

Mama mkwe akasema, "Ukimaliza kumfunga huyo, njoo unifunge na mimi. Mimi ndiye mwenye mikono ya miaka sabini."

Huyu mama hana huruma, nilijisemea. Nimeandika ili nisije nikamtamkia.

Juni 28
Farasi wameanza kukamuliwa. Mfuko wa ngozi unaning'inia kando ya mlango na maziwa yanachacha. Kila aingiaye lazima ashike mti ayapige kidogo kabla ya kuketi, hata awe mkuu wa wilaya. Galsan akaingia, akapiga, akaonja, akakunja uso.

"Bado maji haya."

"Basi ongeza kupiga, mjomba," Namuun akamwambia. "Umepiga kama unafukuza nzi."

Naye akaenda kuushika mti. Nikamwita avae glavu kwanza. Galsan akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mama Namuun, joto hili hata ngamia wameshavua manyoya."

"Ngamia hana mama kama mimi," nikasema. Wakacheka. Namuun akavaa.

Julai 12
Sherehe za wilaya, siku mbili. Mieleka, mbio za farasi, vumbi, watu wote na majoho mapya. Magnai aliangushwa mzunguko wa kwanza na kijana wa darasa la kumi, akarudi amefurahi kama aliyeshinda. "Nimemlea vizuri," alisema. "Nimempa moyo."

Tulinunua mikate ya nyama ya kukaangwa, bado inatoa mafuta. Watoto wa kiume wakaanza kushindana nani ataishika muda mrefu zaidi. Namuun akaingia kati, akaushika wake kwa ncha za vidole, akasimama tu, anawatazama mmoja mmoja wakitupa ya kwao na kupuliza mikono. Wakampa ushindi. Mimi nikaruka nikampokonya. Ncha zilikuwa nyekundu, na yeye hakuwa amesikia kitu.

"Hazisikii moto, mama," akasema, kama anayenipa habari njema. "Baridi ndiyo zinasikia."

Mama mmoja aliyekuwa jirani yetu akatikisa kichwa, akasema maskini mikono hii, ataolewa na nani. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alishafika. "Ataolewa na mtu asiyehesabu vidole vya watu," akasema, akanivuta tukaondoka. Nilishangaa. Nilidhani yeye ndiye angeitikia.

Julai 13
Tumelala hadi jua limepanda. Aibu, lakini tamu.

Julai 20
Nimegombana na mama mkwe.

Nilikuwa nimeenda kuokota samadi kavu. Kurudi, mbuzi wameshafungwa shingo kwa shingo wanatazamana, safu ndefu, na nyuma ya safu nikaona migongo miwili imeinama, mkubwa na mdogo. Mdogo ni Namuun. Glavu zimewekwa juu ya jiwe. Anakamua. Chuchu ameibana kati ya gumba na vifundo vya katikati vya vidole, si ncha, na maziwa yanalia ndooni.

Nikasema, "Mama, nilikuomba."

"Uliniomba nini?"

"Mikono ya mtoto isikae wazi."

"Kiwele cha mbuzi kina joto kuliko glavu zako." Hakuinuka. "Wewe umelainisha ngozi ngapi tangu uolewe hapa? Ngozi mbichi usipoikanda inakuwaje?"

"Huyu si ngozi, ni mwanangu."

"Inakuwa ubao," akamalizia. "Sogea, unaniziba jua."

Namuun akaendelea kukamua, mara mama, mara bibi, macho yanakwenda kama mtu anayetazama mieleka. Nikachukua glavu nikaondoka nazo, sijui kwa nini. Nikajikuta hemani nimezishika.

Magnai aliporudi nikamweleza. Mama yake naye akamweleza. Akasema, "Mimi ni daraja. Piteni wote, mkimaliza mniambie niinuke."

Julai 21
Hatusemeshani. Chai yangu leo imezidi chumvi. Ameinywa yote.

Julai 22
Ameniuliza kama nimeona sindano yake kubwa. Nimempa. Basi, tumepatana.

Nimemtazama Namuun akikamua tena, kwa mbali, bila kusema. Kiungo cha kidole cha shahada, ambacho masika kilikuwa hakikunjiki, kinakunjika. Si sana. Lakini kinakunjika.

Julai 30
Majani yamefika magotini. Galsan amekuja na habari kwamba bweni mwaka huu litakuwa na mlezi mpya, mwanamke wa kutoka kusini, mkali kama pilipili. Nikasema hilo halinihusu, mimi nitakuwa mjini na mwanangu. Magnai akasimama akatoka. Namuun akauliza, "Na mbwa tunamchukua?"

Nikasema hapana.

Agosti 6
Niandike kabla sijasahau, ingawa natamani kusahau.

Asubuhi ilikuwa ya jua. Namuun alikwenda na baba yake kurudisha kondoo kutoka mlimani, karibu tu, na glavu aliziacha kwa sababu ya joto. Mchana wingu likashuka kutoka kaskazini, ikaanguka mvua ya mawe, kisha theluji nyepesi. Agosti, na theluji. Huku hutokea, na kila mwaka tunashangaa kama wageni. Walirudi farasi anatoa mvuke, Magnai amemtia mtoto ndani ya joho lake mwenyewe, yeye kifua wazi.

Mikono ilikuwa myeupe, vidole vyote isipokuwa magumba, mpaka kwenye mpaka ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Nikafungua joho langu nikaiweka tumboni kwangu. Ilikuwa kama samaki wawili. Halafu damu ikaanza kurudi, na hapo ndipo penye maumivu. Hakupiga kelele. Aliuma ukosi wangu, akatetemeka, machozi yakinitiririkia shingoni. Mimi nikamwambia mama yuko hapa, mama yuko hapa, tena na tena. Mama mkwe akamshika miguu, akaisugua, midomo yake ikisoma dua.

Ilipokwisha, vidole vikawa vyekundu, kisha zambarau, kisha vya kawaida. Ilikuwa theluji kidogo tu, tena ya kiangazi. Januari itakuwaje, na mimi niko mbali? Nikamwambia Magnai pale pale, mbele ya wote, kwamba sasa limekwisha, nakwenda mjini, mpigie kaka yako aje achukue fungu lake la mifugo. Magnai akatazama chini. Akasema, "Sawa."

Ni neno moja, nami nilitaka kulisikia tangu Juni. Mbona limenichoma?

Agosti 7
Mikono haina jeraha, namshukuru Mungu wa mbingu hii.

Agosti 9
Nilikuwa nampaka mafuta. Akaniuliza, "Tukienda mjini, baba atapika nini?"

"Nyama."

"Na bibi atawasha moto na nani asubuhi?"

"Mwenyewe."

Akafikiri. "Basi watu wengi watakuwa peke yao kwa sababu ya vidole vyangu."

Nilimwambia asiseme hivyo.

Agosti 17
Nataka kuandika siku hii yote.

Niliamka mapema kwenda mtoni. Magnai alikuwa ameshatoka na farasi. Nikachukua dumu, nikashuka, karibu nifike nikakumbuka kata ya kuchotea. Nikarudi. Nyasi zilikuwa na umande, hatua zangu hazikulia. Mlango wa hema ulikuwa nusu wazi.

Namuun alikuwa amesimama mbele ya jiko, joho limefungwa. Shingoni, begani, kwapani, kiunoni, na mshipi juu yake, amekaza vizuri. Anajitazama kwenye bati la jiko, anageuka upande huu na huu kama bibi harusi. Bibi yake yuko kitandani anakunywa chai. Tuguldur analamba kibonge cha maziwa makavu.

Dumu likagonga mlango.

Naapa, sijawahi kuona mikono inayofungua vifungo kwa kasi ile. Joho likafunguka, mshipi ukaenda chini ya mto, na mwanangu akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, uso wa mtakatifu, anasubiri avishwe.

Nikaingia. Nikaweka dumu, nikakaa chini.

"Namuun."

"Naam, mama."

"Vifungo unajua kufunga?"

Akamtazama bibi. Bibi akatazama chai. "Mimi sijaona kitu," akasema. "Mimi mzee, macho hayana nguvu."

"Namuun, tangu lini?"

"Tangu theluji ya mwisho."

"Ya Agosti hii?"

"Ya masika."

Tangu kabla hatujahama. Asubuhi zote zile, magotini kwangu, ametulia kama kondoo, na anajua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akachezea kitanzi cha shingo.

"Ningekuambia, ungeacha kuimba."

Nilicheka. Halafu nikalia, halafu nikashindwa kujua ninafanya lipi, na Tuguldur kuona hivyo akalia naye, kibonge mdomoni. Mama mkwe akaweka bakuli chini. "Hebu msimtishe mtoto," akasema, lakini na yeye alikuwa anafuta pua.

"Na wewe mama ulijua."

"Nilikuambia uje unifunge na mimi. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini."

Nikamwomba Namuun anionyeshe. Akafunga tena, sasa kwa madaha. Fundo hulisukuma kwa gumba dhidi ya kifundo cha kidole, kitanzi hukivuta kwa upande wa mkono, na kile cha shingoni, kigumu kuliko vyote, huinamisha kidevu akakishika kwa meno. Haifanani na ninavyofanya mimi. Inachukua muda. Inafunga.

"Kamba za viatu?"

"Hizo sijui," akasema, na nikamwamini, maana alikasirika.

Nikamweka karibu nami. "Bweni unataka kwenda mwenyewe?"

Akaitikia kwa kichwa, haraka, kisha akasita. "Lakini ikiuma je? Kama siku ile?"

Hilo ndilo swali langu nililobeba kiangazi kizima, na sasa limetoka mdomoni mwake. Nikamwambia ukweli. Itauma, siku nyingine. Tumbo langu halitakuwepo. Tutafute kinachoweza kuwepo.

Tukashinda tunajifunza. Mikono kwapani, chini ya nguo ya ndani, si motoni kamwe, maana vidole havisikii moto. Ukiona weupe usingoje uchungu, ingia ndani. Mwambie mlezi kwa sauti, usione haya. Akarudia yote kwa sauti ya mwalimu, akamfundisha na mbwa.

Magnai aliporudi nikamwambia asimpigie kaka yake. Akauliza kuna nini. Namuun akasimama mbele yake, akafungua joho lote, akalifunga lote. Magnai akatoka nje, tukamsikia anawaimbia farasi, na yeye hana sauti hata kidogo.

Agosti 18
Leo amejifunga mwenyewe nami nimeimba. Amefunga polepole makusudi. Beti zote.

Agosti 25
Tunashona glavu, ngozi ya kondoo nje, manyoya ya ngamia ndani, jozi mbili, na kamba ya kupitia mikononi mwa joho zisipotee. Mama mkwe ananisahihisha mishono. Tulipopima, nikaona kwamba miaka yote miwili nimemshonea glavu ndefu, za vidole ambavyo vingekuwepo. Ncha zilikuwa tupu, na baridi ilikuwa inakaa mle. Hizi mpya nimezikata sawasawa na mikono aliyo nayo. Akavaa, akapiga makofi. "Zinanijua," akasema.

Kamba za viatu, bado. Amezitukana tusi alilojifunza kwa Galsan.

Agosti 29
Kamba za viatu, tayari. Fundo ni baya kama kiota cha kunguru. Halifunguki hata kwangu.

Septemba 1
Riboni nyeupe kichwani, shati jeupe, umati wa watoto na farasi na pikipiki. Mlezi wa bweni, Mama Uranbileg, ni mrefu na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto. Nikamwonyesha mikono, nikamweleza baridi, mafuta, kwapa. Alisikiliza yote bila kunikatiza. Akaishika mikono, akaigeuza.

"Inakunjika?"

Namuun akakunja.

"Vizuri. Kitanda kinatandikwa kabla ya chai. Bomba la maji ya moto liko ukutani, kitanda chako kitakuwa karibu nalo lakini si kuligusa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Msichana wa kitanda cha pili, mnene, ana meno mawili tu mbele, akauliza vidole vimefanya nini.

"Vililiwa na baridi," Namuun akasema. "Vinane vifupi, viwili virefu. Vyako je?"

Yule akatazama vyake, akahesabu, akaona haya kidogo kwa vile vyote vilikuwa sawa. "Vya kawaida tu," akasema. Wakaenda kutazama choo.

Mimi nikabaki nanyoosha shuka iliyokwisha nyooshwa. Mama Uranbileg akasema, "Mama, mumeo ameshawasha pikipiki mara tatu."

Septemba 4
Hema kubwa mno.

Septemba 12
Tunakata nyasi za akiba. Galsan anasaidia, anakula kuliko anavyokata. Mama mkwe anamwita Tuguldur kwa jina la dada yake Namuun, halafu anajifanya hakukosea. Nimemwona akitabasamu kwa kosa lake. Huyu mama, nilimwandika vibaya mwezi wa sita. Siufuti ukurasa, lakini naandika hili chini yake.

Septemba 21
Nimeamka, kweupe. Theluji ya kwanza ya kweli, imefunika mpaka mtoni, na baridi ile ya kuuma pua. Sikunywa chai. Nikachukua simu nikapanda kilima, maana mtandao uko juu tu, karibu na rundo la mawe la kuombea. Nilipanda nakimbia, nateleza, nainuka. Kichwani nilikuwa naona mpaka ule mweupe uliochorwa kwa rula.

Mama Uranbileg akapokea. Nyuma yake kelele, watoto. Nikauliza kabla ya salamu.

"Wako uwanjani," akasema. "Dakika ishirini, nimewaambia. Ngoja nimwite."

Nikangoja. Nikasikia mlango, hatua, pumzi ya mtu aliyekimbia.

"Mama?"

"Mwanangu. Mikono?"

"Ipo."

"Imekuwa myeupe?"

"Kidogo jana. Nikaingia ndani, nikaweka kwapani, Mama Uranbileg akanipa chai nishike kikombe na glavu. Iliuma. Nikaimba ikaisha." Akapumua. "Mama, tunatengeneza mtu wa theluji, mimi ndiye natengeneza kichwa. Wakifanya wao watakosea."

"Haya, nenda. Lakini subiri kidogo, glavu ziko kavu? Ulibadilisha—"

"Mama, uko kilimani?"

"Niko kilimani."

"Wewe umevaa?"

Nikatazama mkono ulioshika simu, kisha mwenzake. Vidole vilikuwa vyekundu, vimekauka, na ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Glavu zangu ziko hemani, juu ya sanduku.

"Mama, nimekuuliza."

"Sijavaa."

Akavuta pumzi ndefu, ile ile ya bibi yake. "Shusha mikono ya joho ifunike vidole. Halafu kwapani. Usikae hapo kuongea. Shuka."

Akakata simu.

Nikashusha mikono ya joho, nikaiweka kwapani, nikashuka kilima nacheka peke yangu.